Meza sita za ofisi: mninga, mtiki au mbao za kiwandani? Nataka fanicha ya kudumu isiyomaliza misitu

Binti_Urambo (Dar es Salaam) ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaozijua mbao, mafundi kwa wateja.

Nina ofisi ndogo ya uhasibu Mikocheni, ghorofa ya pili, tuko watu sita. Meza tulizoanza nazo tulizinunua dukani zikiwa mpya, zile za chipubodi zenye ganda la rangi ya mbao juu. Zilipendeza. Sasa miguu imevimba chini pote ambapo dekio linapita kila asubuhi, ganda limebanduka pembeni, na skrubu za droo zimetoka na unga wake. Fundi niliyemwita alizipapasa akasema hapa hakuna cha kukamata, skrubu ikishang'oka kwenye chipubodi hairudi. Kwa hiyo meza zote sita zinakwenda jalalani, na hilo linaniuma kuliko hela niliyotoa.

Safari hii nataka kutengenezesha. Nimezunguka Keko karakana moja baada ya nyingine, na kila fundi jibu lake ni moja: mninga. Nami mninga naujua, nimezaliwa Urambo, Tabora. Babu yangu alikuwa akiugusa kwa panga kidogo tuone utomvu mwekundu unavyotoka, akitufundisha majina ya miti. Wakati huo mininga ilikuwa nyuma tu ya shamba letu la tumbaku. Leo ukienda nyumbani ukiwauliza wapasua mbao wanakata wapi, wanakuonyesha upande wa mbali kabisa. Miti mingi iliishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na iliyobaki inaondoka na malori. Kama kuna njia ya kupata meza nzuri bila kuongeza lori jingine, naitaka njia hiyo.

Mahitaji yangu: meza sita za kazi, meza moja ya kikao ya watu wanane, na rafu za mafaili, ambayo ni mazito. Ofisi ni ya kupanga na ngazi ni nyembamba, hivyo vitu viweze kufunguliwa na kufungwa tena tukihama. Nataka muundo wa kisasa, mistari myepesi, miguu isiyo na maua wala makucha ya simba. Chumba kina kiyoyozi mchana, usiku kinazimwa, madirisha yanaelekea upande wa bahari.

Nimesikia mitiki, mianzi, mbao za plastiki, MDF (ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa), hata minazi. Kila mtu anasema chake ndicho rafiki wa mazingira. Mwenye uzoefu wa kweli anisaidie kuchambua. Na mtoto wangu ana pumu, kwa hiyo naomba pia mnieleze kuhusu harufu ya fanicha mpya, maana nyumbani nataka kumtengenezea kitanda.

---

Fundi_Muheza amejibu:

Dada, salamu kutoka Muheza. Mimi ni seremala, karakana yangu iko njia ya kwenda Amani, na mtiki wa Longuza ndio mbao ninayoishika kila siku. Yapokee maneno yangu ukijua ninaegemea huko.

Nianze na mninga kwa sababu umeutaja kwa uchungu na una haki. Mafundi wa Keko hawakudanganyi. Mninga una sifa ambayo mbao chache sana zinayo: hausinyai sana unapokauka. Ukiupasua ukiwa bado na unyevu kidogo, ukautengenezea meza, mara nyingi utatulia palepale bila kupinda. Ndiyo maana fundi mwenye oda nyingi anaupenda, unamsamehe haraka yake. Mbao nyingine zinamdai subira, na subira haina mteja wa kuilipia.

Shida ni umri wake. Mche wa mninga ukiota msituni, shina hufa kiangazi na kuchipua tena mvua zikinyesha, mwaka hadi mwaka, huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi. Unaweza kupita muongo mzima hivyo kabla shina halijapanda juu moja kwa moja. Moto wa kila mwaka ukipita, unarudishwa nyuma tena. Mpaka kufikia gogo la kupasuliwa mbao, miaka inakaribia karne. Hakuna mtu anayepanda shamba la mninga akitegemea kulivuna mwenyewe.

Hata hivyo sitakwambia usiuguse kabisa. Kilwa kuna vijiji vyenye misitu yao ya asili waliyoitenga wenyewe chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, wanahesabu miti na kuvuna kwa mpango. Mwaka 2009 baadhi ya vijiji hivyo vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, na fedha ya gogo inabaki kijijini. Mwanakijiji anayeona mninga umelipia kisima au darasa ana sababu ya kuulinda ule uliobaki. Kwa hiyo kama moyo wako unataka mninga, uweke kwenye kitu kimoja kitakachorithiwa, ile meza ya kikao. Popote utakapoununua, dai kuona hati ya kusafirishia mazao ya misitu, sisi tunaiita TP, na alama ya nyundo ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwenye mbao. Muuzaji akikunja uso, toka.

Sasa mtiki. Huu si mti wetu wa asili, uliletwa wakati wa Wajerumani, na leo unapandwa mashambani: Longuza hapa kwetu, Mtibwa kule Morogoro, na mashamba ya kampuni bonde la Kilombero. Ukikatwa unapandwa mwingine mahali pale pale, na mtu aliyeupanda akiwa kijana anaweza kuuona ukivunwa. Kiini chake kina mafuta ya asili, mchwa hawaupendi, na unyevu wa pwani unauvumilia. Magogo makubwa yanauzwa kwa mnada na mengi yanakwenda nje, India hasa. Tunachobaki nacho sisi mafundi wadogo ni miti inayokatwa kupunguza msongamano shambani, myembamba, ambayo wateja wengi wanaikataa kwa sababu haitoi ubao mpana.

Na hapa ndipo muundo wa kisasa unaoutaka unapotufaa sana. Fanicha yetu ya kizamani ya mjini ilijengwa juu ya ubao mpana na mnene: kitanda chenye kichwa cha kipande kimoja, meza ya inchi mbili. Huo ni muundo wa nchi yenye miti mikubwa isiyoisha. Meza nyepesi yenye miguu myembamba haihitaji mti mkubwa. Uso wa meza unaunganishwa kwa vipande vya upana wa sentimita saba hadi tisa, ubavu kwa ubavu, kwa gundi na klampu. Ukifanya hivyo kwa uangalifu, uso unatulia kuliko ubao mmoja mpana, na vipande vyake vinatoka kwenye miti ambayo vinginevyo ingekuwa kuni au mkaa. Meza ya sentimita 140 kwa 70 yenye unene wa milimita 25 inatumia nusu tu ya mbao za meza ya unene wa milimita 50. Zidisha kwa sita uone umeokoa nini.

Tahadhari ya mtiki mchanga: una sehemu nyeupe nyingi nje ya kiini. Ile nyeupe haina ulinzi, wadudu wanaibungua. Mwambie fundi wako akate yote kwa vitu vinavyogusa sakafu au ukuta. Na kwa kuwa mtiki una mafuta, gundi inateleza usipoufuta uso kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka. Nimeletewa meza kutoka kwingine zimeachia kwenye maungio, na ukichungulia utakuta gundi imekauka upande mmoja tu. Fundi hakufuta.

Lakini hakuna mbao itakayokuokoa kama haijakauka. Hili naomba ulishike kuliko yote niliyosema. Kwa ofisi yenye kiyoyozi pwani, mbao iwe na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Fundi mwenye kipima unyevu atakuonyesha. Asiye nacho, mwombe kipande cha mbao ileile, kipimeni kwenye mzani wa jikoni, kiwekeni kwenye oveni ya moto mdogo, nyuzi mia na kidogo, mkipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Kikianza na gramu 560 na kuishia 500, tofauti ni 60. Gawanya kwa ile 500, unapata asilimia 12. Inadai subira, lakini itakuokoa na ugomvi wa miaka.

Pia mbao inapumua hata baada ya kukauka. Kiyoyozi chako kinaikausha mchana, upepo wa bahari unaurudisha unyevu, na kati ya msimu na msimu uso wa upana wa sentimita 70 unaweza kutanuka na kusinyaa milimita tatu hadi tano. Ukiukaza kwa skrubu pande zote utapasuka katikati. Tundu za skrubu chini ya meza ziwe ndefu kidogo kwa upana, ili uso uende na kurudi. Fundi akikuuliza kwa nini, usimpe kazi hiyo.

---

Binti_Urambo:

Fundi, asante sana, nimesoma mara mbili. Hilo la vipande vyembamba sikuwahi kulifikiria, mimi mwenyewe nilikuwa naona meza ya vipande ni ya mtu aliyekosa hela ya ubao mzima. Nitalieleza kwa wenzangu ofisini.

Je, rafu za mafaili nazo ziwe za mtiki, au hapo MDF inatosha? Na vipi ile harufu?

---

Mpanga_Ofisi_Nairobi amejibu:

Hujambo dada. Kazi yangu hapa Nairobi ni kupanga ofisi, kuanzia sakafu hadi viti, na nimeona mbao za kiwandani zikisingiziwa mengi. Chipubodi na MDF zinatengenezwa kwa mabaki ya viwanda vya mbao na miti midogo, kwa hiyo kimsingi ni matumizi mazuri ya mti. Zinaharibiwa na mambo mawili: kutumika mahali pasipo pake, na kingo kuachwa wazi. Ubao wa chipubodi ambao kingo zake za chini hazikuzibwa unakunywa maji kama biskuti kwenye chai. Ukiinua kabati sentimita kumi kutoka sakafuni kwa miguu ya chuma, na kuziba kingo zote, hata zile zisizoonekana, litakaa miaka mingi. Wauzaji wengi huziba upande wa mbele tu, ule mteja anaouona.

Kuhusu harufu. Mbao hizi hugandishwa kwa gundi zenye fomaldehaidi, na gesi yake huendelea kutoka taratibu, hasa chumba kikiwa na joto na unyevu. Inawasha macho na koo, na mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kuna madaraja. Daraja la E1 la Ulaya linataka hewa ya chumba cha majaribio isizidi sehemu 0.1 ya gesi hiyo kwa sehemu milioni moja za hewa. Dai ubao wenye mhuri wa E1 au daraja lililo bora kuliko hilo, na ukatae usio na mhuri wowote. Kwa kitanda cha mtoto mwenye pumu mimi nisingejadili sana: mbao halisi, maungio ya ulimi na tundu, chaga za mbao, na kumaliziwa kwa mafuta au vanishi ya maji iliyokaushwa wiki kadhaa kabla hajalala humo. Mweleze daktari wake pia, maana vumbi la godoro na zulia huenda likawa shida kubwa kuliko kitanda.

Rafu za mafaili: usitumie MDF kwa urefu. Inapinda katikati chini ya uzito wa karatasi na hairudi. Plaiwudi ya milimita 18 inastahimili zaidi kwa sababu tabaka zake zimepishanishwa, na hata hiyo usivuke sentimita 80 bila nguzo ya katikati.

Nina pendekezo moja la kupunguza gharama. Fremu za meza zitengenezwe kwa skwea paipu, yaani paipu za chuma za pembe nne, zichomelewe na kupakwa rangi, kisha uso tu uwe wa mbao. Chuma hakipotei, siku umechoka na rangi unaisugua na kupaka nyingine, uso ukiharibika unabadilisha uso peke yake, na hata mwisho wake kinarudi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kinayeyushwa upya. Meza ya aina hiyo inafunguka vipande vinne na kupita ngazi yoyote.

Huku kwetu serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, na 2023 ikatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Katika kipindi hicho mafundi wa barabarani, wale wa Ngong Road na Gikomba, walijifunza kutumia miti ya mashambani. Mti wa grevilea hasa. Wakulima wa kahawa na chai wanaipanda mipakani mwa mashamba kwa ajili ya kivuli na kuni, na ikikomaa ina ubao wenye madoadoa mazuri sana ukipasuliwa kwa pembe inayofaa. Huko kwenu Moshi na Arusha mnayo tele. Mteja wangu mmoja aliniletea picha ya meza ya mbao ya Ulaya akitaka ifanane nayo, nikamwonyesha grevilea iliyopigwa msasa na kupakwa mafuta. Aliichukua hiyo, na sasa imewekwa kwenye mapokezi yao.

Viti vya kazi: usitengenezeshe. Mtu anayekaa saa nane anahitaji kiti cha kupanda na kushuka chenye mgongo unaorekebishika. Tafuta vya mtumba vilivyo imara, badilisha sponji, kitambaa, magurudumu na ile silinda ya kupandishia. Karibu kila sehemu ya kiti kizuri hubadilishika, ndiyo alama ya kukitambua dukani pia: kipindue chini, ukiona skrubu kinafunguka, ukiona gundi na pini tupu kiache.

---

Mwana_wa_Amu amejibu:

Salaam alaykum jamaa wote. Dada ameuliza kuhusu plastiki na mianzi na sijaona aliyejibu, nami natoka Lamu ambako habari ya plastiki tunayo mlangoni.

Bila shaka mmesikia jahazi la Flipflopi, lililojengwa huku kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kandambili kama 30,000 zilizotupwa ufukweni. Lilishushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Waliolijenga ni mafundi wa majahazi ya mbao, na walichojifunza ndicho ninachotaka dada akijue. Mbao ya plastiki unaipasua, unairanda, unaitoboa kwa zana zilezile za seremala. Haiozi, haibunguliwi, chumvi haiijui. Lakini ni nzito, na ukiilaza ikabeba mzigo muda mrefu inapinda polepole na kubaki hivyo, zaidi kwenye joto. Mwenye kuitumia huongeza nguzo, hukaribisha vishikizo. Kwa benchi la nje, meza ya bustani, ngazi za gati, ni mali. Kwa rafu ya mafaili ya mhasibu, hapana. Ukiwa na veranda ofisini, weka benchi la wageni la plastiki hiyo na hutalipaka chochote maisha yako.

Mianzi inakua haraka kuliko mti wowote mliotaja, na shina lililokatwa linarudishwa na mengine kutoka shina mama. Ila ndani yake mna wanga, na wanga ndio chakula cha wadudu wabungua. Kiti cha mianzi isiyotibiwa kitaanza kumwaga unga mweupe chini yake. Ikatwe ikiwa imekomaa, miaka mitatu au minne, kisha ilowekwe kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, halafu ikaushwe kivulini. Muuzaji akikwambia ameitibu kwa moshi tu au kwa vanishi, jua wadudu wamo ndani wakisubiri.

Fundi wa Muheza amesema fanicha ya zamani ilikuwa ya mbao nene. Kwa bara huenda ni hivyo. Tazama kiti cha enzi cha huku pwani: fito nyembamba za mbao ngumu, mgongo na makalio ya kamba zilizosukwa, na kila upande umepitishwa ulimi kwenye tundu. Kamba zikilegea zinasukwa upya, mbao inabaki. Kitanda cha kamba ni hivyohivyo, na kila nyumba ya pwani ilikuwa na mtu wa kukiwamba. Mbao kidogo, nyuzi nyingi. Na Tanga mna mkonge mpaka leo! Viti vya wageni wa ofisi vyenye fremu ya mtiki mwembamba na makalio ya kamba ya mkonge vitakuwa vya kisasa kuliko chochote kinachotoka kwenye boksi, na hewa inapita mgongoni, jambo ambalo sponji na ngozi bandia haviwezi katika joto letu.

---

Fundi_Muheza:

Mwana wa Amu, umesema kweli na ninalikubali. Nilikuwa na makochi na vitanda vya mjini kichwani. Kuna mzee hapa Muheza anasuka kamba za mkonge, mikono yake bado ina nguvu, na vijana wawili wanajifunza kwake. Oda za viti ndizo zitakazoamua kama wataendelea.

Kaka wa Nairobi, fremu ya skwea paipu naiunga mkono kwa meza za kazi. Nyongeza moja kwa pwani: kata ncha za paipu na kuziziba kabisa, usiache tundu wazi, maana hewa ya chumvi inaingia ndani na kutu inaanzia usipoiona. Na weka kifuniko cha mpira chini ya kila mguu ili maji ya dekio yasikae kwenye chuma.

Dada, umetaja minazi. Mnazi mzee usiozaa tena una mbao nzuri sana, ngumu na nyeusi-nyeusi yenye mistari, lakini ugumu huo uko nje ya shina tu. Katikati ni laini hata ukucha unaingia. Mpasuaji asiyejua anakuuzia zote kwa bei moja. Chagua zile nzito. Ukipata mpasuaji mwaminifu, nyuso za meza ndogo za kahawa zinatoka vizuri, na mkulima anapata nafasi ya kupanda mche mpya.

Jambo la paini: mbao za Sao Hill, kule Mufindi, ni za shamba, zinapatikana na bei yake ni nafuu, na kwa rafu zilizokaushwa vizuri sina ubishi nazo. Ila usikubali paini iliyotiwa dawa ya kijani, ile ya nguzo na kenchi, kutumika kwenye meza au kitanda. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Vumbi lake halifai kuvutwa na mabaki yake hayafai kuchomwa jikoni. Hilo nawaomba na wengine wote mnaosoma, kwa sababu naona watu wanaokota vile vipande kwa ajili ya kuni.

Kuhusu kumalizia, kwa kitanda cha mtoto na meza yako binafsi, jaribu nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya kitani. Nta hiyo inatoka kwenu Tabora, na mizinga ya nyuki inahitaji msitu uliosimama. Uso wake hauna kinga kubwa dhidi ya kikombe cha moto, lakini ukichubuka unapaka tena mwenyewe kwa kitambaa, bila kumwita mtu. Muhimu: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visifungwe pamoja na kutupwa kwenye pipa, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke au viloweke majini. Kwa meza za wafanyakazi tumia vanishi ya maji, chai itamwagika kila siku.

---

Binti_Urambo:

Jamani, Mungu awabariki. Nimekaa na wenzangu leo tumekubaliana hivi: meza sita, fremu ya skwea paipu rangi nyeusi, uso wa mtiki wa vipande. Rafu za plaiwudi ya E1 zilizoinuliwa kutoka sakafuni, nguzo kila sentimita 80. Viti vya kazi vya mtumba, tutavifanyia ukarabati. Viti vinne vya wageni vya kamba ya mkonge. Meza ya kikao nitasubiri mninga wa Kilwa wenye karatasi zake, hata ikichukua muda. Kwa sasa tutakutana kuzunguka meza mbili zilizounganishwa. Na kitanda cha mwanangu kiwe cha mtiki na nta ya kwetu. Huyo atakilalia mpaka akue, nami nitamweleza nta ilikotoka.

Fundi, naomba nikuagize wewe nyuso za meza na viti vya wageni. Bajeti ya awamu hii ni milioni nne, nikitoa fremu ambazo nitachomeleshea hapa Dar. Inatosha? Na nikutumie vipimo gani?

---

Fundi_Muheza:

Karibu sana dada. Bei tutaiongea kwa simu, nitakupa mchanganuo wa mbao, gundi na ufundi kila kimoja peke yake ili ujue unalipia nini. Usinitumie malipo yote. Lipa ya mbao kwanza, na mbao nitakuonyesha zikiwa zimepangwa kivulini na vijiti katikati kabla sijazigusa kwa msumeno.

Vipimo: upana wa ngazi kwenye kona, upana wa mlango wa ofisi, na urefu wa kila mmoja wenu akiwa ameketi, kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko mkono ukiwa umekunjwa. Meza za madukani nyingi ni sentimita 75 kwenda juu kwa kila mtu, na wengi wetu ni wafupi kwa hizo, mabega yanapanda mchana kutwa bila kujua. Zenu tutaziweka 72 au 73, na mchomeleaji aweke miguu yenye skrubu za kurekebisha chini. Mwambie pia atoboe tundu ndefu za kufungia uso, milimita 8 kwa 20, zielekee upana wa meza. Akimaliza fremu ya kwanza nipigie picha ya chini yake kabla hajaanza ya pili.